Tathmini ya LibreOffice kutoka duka la kuchapa la Langoni, Lamu

Mwezi wa Rajabu uliopita mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye wakubwa kwa wadogo twamwita Maalim, alikuja dukani kwangu na daftari lililofungwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na utenzi alioutunga mwenyewe juu ya safari zake za baharini, beti mia mbili na ushee, zote zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wa Lamu kwa karne nyingi. Aliniuliza, "Mwanangu, haya yaweza kupigwa chapa kama yalivyo, bila kugeuzwa herufi za Kizungu?" Nilimjibu, "Yaweza, Maalim, ila utanipa muda." Kazi hiyo niliifanya yote kwa LibreOffice, programu huria ya ofisi ambayo nimeitumia dukani kwa miaka saba, na ambayo nataka kuieleza hapa kwa marefu kwa ajili ya wenzangu wenye maduka kama langu, walimu wa madrasa na makatibu wa vikundi.

Duka lenyewe ni dogo. Liko Langoni, katika kichochoro kinachotokea Usita wa Mui, na lina kompyuta mbili, printa ya leza na mashine ya kutoa kopi. Wateja wangu ni wenye kuandika barua za kuomba kazi, wenye arusi wanaotaka mialiko, vikundi vya wavuvi vinavyohitaji kumbukumbu za mikutano, na walimu wanaoleta mitihani. Kabla ya LibreOffice nilikuwa nikitumia nakala isiyo na leseni ya programu ya kulipia, iliyopita mikononi mwa watu wengi hata hakuna aliyejua ilikotoka, na pamoja nayo vikaja virusi vilivyokula mafaili ya wateja wawili. Ni jambo linalonisikitisha hadi leo, kwa sababu mmoja wao alikuwa mwanafunzi na hakuwa na nakala nyingine ya kazi yake.

Niurudie utenzi wa Maalim, kwa maana hapo ndipo programu hii iliponionyesha thamani yake. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne hubeba kina kinachopita katika utenzi wote. Maalim alitaka vipande vyote vinne viwe katika mstari mmoja, vikianzia kulia. Katika Writer, ambayo ni sehemu ya LibreOffice ya kuandikia, nilitengeneza jedwali la safu nne na kulielekeza kutoka kulia kwenda kushoto, na safu ya kwanza ikahamia kulia papo hapo kama inavyostahili. Ugumu ulikuwa katika herufi. Kiarabu hakina sauti za "pa" na "va", kwa hiyo Maalim huweka nukta tatu chini ya be ili isomeke "pa", na nukta tatu juu ya fe ili isomeke "va", na herufi hizo hazimo katika kibodi ya kawaida ya Kiarabu. Dawa yake ni kuandika namba ya herufi katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, kisha kubonyeza Alt na X kwa pamoja: 067E hugeuka kuwa pe, na 06A4 hugeuka kuwa ve. Baada ya siku mbili vidole vilizoea. Maalim alipokuja kuangalia kurasa za kwanza alivaa miwani, akaisogeza karatasi mbele ya taa, akafuata kila nukta kwa ncha ya kalamu bila ya kusema neno, kisha akanionyesha mahali pawili tu nilipokosea, na makosa yote mawili yalikuwa yangu, si ya mashine.

Mwenye kutaka kufanya kazi ya namna hiyo ajue kwamba uwezo huo huenda umefichwa. Inabidi aingie katika mipangilio ya lugha na kuweka alama mahali pa lugha zenye mpangilio changamano wa herufi, ndipo vifungo vya kugeuza upande wa maandishi vitakapojitokeza. Ajue pia kwamba programu huweka fonti na ukubwa wa herufi za Kiarabu mbali na zile za Kilatini, hata katika aya moja. Ukikuza maandishi ya Kilatini ukadhani umekuza yote, Kiarabu chako kitabaki kidogo vile vile. Jambo hili huwachanganya wageni wa programu, na ningependa liwekwe wazi zaidi.

Sasa nieleze kwa nini naiamini, na hapo sina budi kusimulia ilivyonusurika. Asili yake ni programu iliyoitwa StarOffice, iliyotengenezwa na kampuni ya Star Division ya Ujerumani. Kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems iliinunua Star Division mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaufungua msimbo wa programu, yaani maandishi ya kitaalamu yanayoiunda, ili kila mtu aweze kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Ndivyo ulivyozaliwa mradi wa OpenOffice.org, uliotoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2002. Watu wengi duniani waliupenda, na hata lugha yetu ilipata fungu lake mapema: mwezi wa Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo mradi mkuu ulishikwa mno na mkono mmoja. Aliyetaka kuchangia msimbo alitakiwa kwanza kutia sahihi hati ya kuishirikisha kampuni katika haki za kazi yake, na wachangiaji wa nje walilalamika kwamba marekebisho yao hukaa sana yakingojea kupokewa.

Januari 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, na hofu ya wachangiaji ikazidi, maana hawakujua mwenye mali mpya angeufanyia nini mradi. Tarehe 28 Septemba mwaka huo kundi kubwa lao lilitangaza kwamba limeunda taasisi ya kujitegemea, The Document Foundation, na kwamba litaendelea na msimbo ule ule kwa jina la LibreOffice. Waliikaribisha Oracle ijiunge na iwape jina la zamani. Oracle haikufanya hivyo, bali iliwataka waliojiunga na taasisi mpya waondoke katika baraza la mradi wa zamani. Tarehe 25 Januari 2011 likatoka toleo la kwanza la LibreOffice, namba 3.3, na matoleo makubwa ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, Ubuntu likiwa mojawapo, yakalichukua jina jipya. Miezi michache baadaye Oracle iliachana na biashara hiyo, na Juni 2011 ikaukabidhi mradi wa zamani kwa Apache Software Foundation, taasisi nyingine ya programu huria. Huko haukupata nguvu iliyotarajiwa. Mwaka 2016 mwenyekiti wake mwenyewe alianzisha mjadala juu ya namna ya kuufunga kama watunzaji wangezidi kupungua, na tangu toleo la 4.1 la mwaka 2014 yamekuwa yakitoka masahihisho madogo madogo ya toleo hilo hilo. Nalitaja hili kwa kuwa bado napokea wateja wanaoniomba niwawekee OpenOffice kwa kuwa ndilo jina walilolisikia zamani. Huwaeleza kwamba kazi yenyewe imehamia LibreOffice.

Kilichonivutia zaidi katika historia hii ni namna walivyoanza. Mtu angetarajia wakimbilie kuongeza mambo mapya ya kupendeza macho. Badala yake walitumia nguvu nyingi kusafisha. Kwa kuwa waandishi wa mwanzo walikuwa Wajerumani, maelfu ya maelezo yaliyomo ndani ya msimbo yalikuwa kwa Kijerumani, na watu wa nchi nyingine hawakuyafahamu. Wajitoleaji waliyatafsiri kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Walitafuta sehemu za msimbo zisizoitwa na kitu chochote tena wakazifuta kwa maelfu. Waliweka majaribio yanayojiendesha yenyewe ili badiliko la mtu mmoja lisivunje kazi ya mwingine. Pia walitenga orodha ya kazi nyepesi mahsusi kwa anayeanza, ili mtu asiyemjua yeyote apate pa kutia mkono bila ya kuona haya. Niliposoma habari hii niliwakumbuka mafundi wa Matondoni, ambao kabla ya kuongeza ubao hata mmoja kwenye jahazi kuukuu hung'oa kwanza pamba iliyooza katika maungio, wakasafisha, wakakalafati upya, na ndipo wanapopaka deheni. Mpita njia huona watu wamekaa chini ya chombo wakigonga siku kumi bila chombo kubadilika sura.

Nisimdanganye msomaji kwamba yote hayo yalifanywa na watu wa kujitolea peke yao. Sehemu kubwa ya msimbo huandikwa na wataalamu wanaolipwa na makampuni kama Collabora, na hapo zamani Red Hat na SUSE, yanayouza huduma na msaada kwa mashirika makubwa. Mimi naliona hilo kuwa jambo la heri, maana kazi ngumu ya usalama haiwezi kutegemea usiku wa Ijumaa wa mtu aliyechoka. Muhimu ni kwamba hakuna kampuni moja inayoweza kuufunga mlango. Yeyote miongoni mwao akiondoka kesho, msimbo unabaki, leseni inabaki, na taasisi yenye makao Berlin inabaki na wengine. Toleo kubwa hutoka mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Agosti au karibu na hapo, na katikati hutoka masahihisho. Tangu mwaka 2024 namba za matoleo zimefuata mwaka na mwezi, kwa hiyo ukiona 24.8 au 25.2 unajua mara moja umri wa nakala uliyo nayo. Kwa mtu kama mimi, ambaye husasisha kompyuta zake siku intaneti inapokuwa na nguvu, utaratibu huo ni msaada mkubwa.

Katika kazi za kila siku programu hainipi taabu. Umeme wa kwetu hukatika bila taarifa, na kompyuta yangu moja haina betri ya akiba. LibreOffice huhifadhi habari za kuokolea faili kila baada ya dakika 10, nami nimeteremsha hadi dakika 2, hata umeme ukirudi hupoteza sentensi moja au mbili tu. Kugeuza barua kuwa PDF ni kubonyeza kitufe kimoja. Calc, ambayo ni sehemu ya majedwali na hesabu, inatosha kabisa kwa vitabu vya chama cha akiba na kwa michango ya matanga. Sehemu ya hifadhidata, Base, sikuipenda. Ni nzito na haina mvuto, na sijaona mteja wa Lamu aliyeihitaji.

Penye tatizo la kweli ni mafaili ya docx yanayotoka na kwenda kwa watumiaji wa Microsoft Word. Barua za kawaida hufunguka vizuri, kwa sababu programu huja na fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana sawa na zile za Calibri na Cambria, fonti za Microsoft, kwa hiyo mistari haihami. Lakini faili lenye majedwali ndani ya majedwali, visanduku vya maandishi na nambari za ngazi nyingi laweza kuvurugika. Mwaka juzi niliandaa fomu ya kikundi kimoja cha wavuvi nikaipeleka kwa ofisi moja katika umbizo la docx. Ilipofunguliwa huko safu za jedwali zilikuwa zimepandana, na ofisi ikawarudisha wenyewe kwa boti kutoka Mokowe waje kuandika upya. Nauli yao niliwarudishia mimi. Tangu siku hiyo kila kinachotoka dukani kwenda kusomwa tu hutoka kama PDF, na docx naitoa pale tu mwenzangu anapotaka kuhariri. Faili langu la asili nalihifadhi kwa umbizo la ODF, ambalo ni umbizo la LibreOffice yenyewe na kiwango cha kimataifa cha shirika la ISO tangu mwaka 2006, ili watoto wa wateja wangu waweze kulifungua hata kama mimi na duka langu hatutakuwepo.

Kasoro nyingine ni kwa wenye kompyuta za zamani, na Lamu wako wengi. Kuanzia toleo la 25.8, LibreOffice haifanyi kazi tena katika Windows 7 wala Windows 8. Nafahamu sababu, kwa maana kutunza mifumo iliyokwisha kuachwa na walioitengeneza hula muda wa watunzaji, ila uamuzi huo uliigusa kompyuta yangu ya pili moja kwa moja. Niliiondolea Windows nikaweka Linux nyepesi, na sasa kompyuta iliyokaribia kutupwa ndiyo ninayoandikia mialiko. Si kila mwenye duka ataweza kufanya hivyo bila kusaidiwa.

Kisha kuna Kiswahili chenyewe, na hapa nazungumza kwa uchungu kidogo. LibreOffice inayo sehemu ya Kiswahili, iliyosajiliwa kama Kiswahili cha Tanzania, na anayekichagua atakuta menyu zilizochanganyika: hapa neno zuri la Kiswahili, pale Kiingereza kitupu ambacho hakijaguswa. Kamusi ya kusahihisha tahajia ipo na inasaidia, lakini vitenzi vyetu hubeba viambishi vingi, na neno refu lililo sahihi kabisa laweza kupigiwa mstari mwekundu. Dukani nimejaza kamusi yangu ya mtumiaji kwa mamia ya maneno, yakiwemo ya mashua na ya samaki ambayo hakuna mtunga kamusi wa mbali angeyakumbuka. Programu kubwa iliokolewa na jamii yake, lakini kipande chake cha Kiswahili bado kinangoja watu wake, na watu hao si wengine ila sisi.

Kwa hiyo tulianza, mimi na vijana wawili wanaonisaidia dukani. Tafsiri hufanywa katika mfumo wa Weblate, ambao mtu huufungua kwa kivinjari cha kawaida, akaliona neno la Kiingereza upande mmoja na nafasi tupu upande wa pili, akapendekeza. Hahitaji kujua kuandika msimbo. Jumanne na Alhamisi baada ya Isha huketi pamoja na kahawa na kushughulikia sentensi ishirini au thelathini. Maneno mepesi hayachukui muda: hifadhi, nakili, bandika, tendua. Yaliyotuweka macho ni mengine. Tulibishana jioni nzima juu ya maandishi yanayojirudia juu ya kila ukurasa. Kijana mmoja alitaka "kijajuu", mwingine alitaka "kichwa cha ukurasa", nami nikaona bora tumwulize Maalim, ambaye hajawahi kugusa kompyuta lakini amesoma vitabu kwa miaka sitini. Alifikiri kidogo akasema, "Kama ni kichwa, kisomeke kichwa. Mtoto akikiona ajue mara moja." Tukaandika "kichwa cha ukurasa". Pia tumejiwekea kanuni ya kuacha maneno ya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, nje ya menyu, hata yale tunayoyapenda, kwa sababu mtu wa Kigoma naye atatumia menyu hizo hizo.

Kasi yetu ni ndogo, na watatu hatutoshi kwa kazi ya ukubwa huo. Walimu wa Kiswahili wa Malindi, Mombasa na Unguja wangeweza kuivusha haraka zaidi yetu, hasa wenye kujua istilahi zilizokwisha kukubaliwa, ili tusibuni neno jipya mahali lilipo la zamani.

Kwa jumla ya matumizi ya duka, shule au ofisi ndogo, naipendekeza LibreOffice bila kusita, isipokuwa kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kurudishiana mafaili ya docx yenye miundo mizito na ofisi kubwa. Huyo ajaribu kwanza kwa mafaili yake mwenyewe kabla ya kuhama. Faili la kusakinishia katika Windows lina zaidi ya megabaiti 300, ambazo kwa bei ya bando si kidogo. Leseni inaruhusu kunakili na kugawa, kwa hiyo toleo jipya huwa nalipakua mara moja na kuliweka tayari, la Windows na la Linux. Mwenye kulihitaji aje na flashi yake dukani baada ya Alasiri, nitamnakilia bila malipo, na akiwa na nusu saa ya kukaa nitamwonyesha pia pe na ve ziliko.